Beethoven Alikuwa Mweusi? Wachaneni na Hilo Swali, Ulizeni Bridgetower Alienda Wapi

Kila baada ya miezi kadhaa hii maneno inarudi. Mtu anatuma picha ya Beethoven iliyotiwa giza kidogo, chini yake maandishi makubwa: tumedanganywa shuleni, jamaa alikuwa mwenzetu. Kwa grupu nusu wanashangilia, nusu wanasema ni upuzi, na dakika kumi baadaye watu wameanza kutajiana makabila. Halafu mtu ananitaja mimi, kwa sababu ndiye msee wa kupiga kelele kuhusu muziki wa zamani: "Wewe unajua hizi vitu, sema ukweli."

Sawa, leo nasema. Na msimamo wangu ni huu: hilo swali linatupotezea wakati. Wakati sisi tunamvuta Beethoven upande wetu kwa nguvu, kuna watu weusi wa kweli, wenye majina na tarehe, walioketi naye chumba kimoja, na hakuna anayewaulizia. Ukitaka umbea mtamu wa muziki wa Ulaya, uko huko. Na ukiwa unatengeneza biti, unaandika mistari ama unaedit video za watu, huo umbea unakuhusu kuliko unavyodhani.

Jibu fupi kwanza

Hapana. Beethoven hakuwa mweusi.

Fununu yenyewe ina historia. Mwaka 1907 mtunzi Mwingereza mweusi, Samuel Coleridge-Taylor, alisema akiangalia picha za Beethoven anaona sura inayofanana na yake. Miaka ya 1940 mwandishi J. A. Rogers akaisambaza Marekani. Mwaka 1963 Malcolm X akairudia kwenye mahojiano. Kwa hivyo haikuanzishwa na watoto wa intaneti. Ilianzishwa na watu waliokuwa wamechoka kuambiwa kwamba mtu mweusi hajawahi kutengeneza chochote cha maana. Hiyo hasira naielewa kabisa.

Lakini Machi 2023 watafiti walitoa matokeo ya DNA kutoka kwa nywele za Beethoven. Zamani mtu maarufu akifa watu walikata nywele zake wakaweka kama kumbukumbu, na yeye alikatwa nyingi. Asili yake ilitoka ya Ulaya. Umbea ukatokea wa aina nyingine: ukoo wa upande wa baba haukulingana na wa akina van Beethoven wanaoishi leo Ubelgiji, maana yake mahali fulani kwenye vizazi vya nyuma kuna mtoto alizaliwa na baba mwingine. Ikaonekana pia alikuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B. Na fungu moja la nywele, lililokuwa limetumika miaka mingi kudai kwamba madini ya risasi ndiyo yalimharibu, likapatikana ni nywele za mwanamke. Watu walibishana juu ya kichwa cha mtu mwingine kabisa!

Hilo tumemaliza. Sasa tuingie kwa stori yenyewe.

Jamaa aliyefutwa kwenye karatasi

George Bridgetower alizaliwa mwaka 1778 mji wa Biała, nchi ambayo leo ni Poland. Mama yake alikuwa Mzungu. Baba yake alikuwa mtu wa asili ya Afrika, inaaminika alitoka visiwa vya Karibi, na alifanya kazi katika nyumba ya mtawala Esterházy, pale ambapo Joseph Haydn ndiye alikuwa mkubwa wa muziki. Kijana akaokota fidla. Akiwa na umri wa miaka 10 hivi alikuwa tayari amepiga mbele ya watu Paris, mwaka 1789, mwaka uleule wa mapinduzi. Akahamia Uingereza, na mwana wa mfalme mwenyewe akamchukua na kumlipia masomo.

Mwaka 1803 anatua Vienna. Anakutana na Beethoven, wanaelewana papo hapo. Beethoven anamwambia watafanya tamasha pamoja na atamwandikia kazi mpya ya fidla na piano. Kama prodyuza yeyote unayemjua, akachelewa. Siku ya tamasha, tarehe 24 Mei, alimwamsha mwanafunzi wake saa kumi na nusu alfajiri aje kunakili sehemu ya fidla ya mwanzo. Sehemu yake ya piano ilikuwa bado vipande vipande. Kipande cha pili hakikupata hata nafasi ya kunakiliwa vizuri, Bridgetower akakisoma moja kwa moja kwenye karatasi za Beethoven, mbele ya watu, bila mazoezi. Yeyote aliyewahi kusoma noti anajua hiyo ni kazi ya kutoa jasho.

Na hakusoma tu. Kuna mahali kwenye kipande cha kwanza piano inapanda na kushuka peke yake. Bridgetower akaamua kuijibu kwa fidla, kitu ambacho hakikuwa kimeandikwa. Kulingana na yeye mwenyewe, Beethoven aliruka kutoka kwa kiti, akamkumbatia, na kumwomba arudie. Yule Beethoven tunayechorewa akiwa amekunja uso kila saa aliacha kucheza ili amshangilie kijana mweusi wa miaka 24 hivi aliyemwongezea noti kwenye kazi yake. Alimpa pia kile kichuma chake cha kupimia sauti, na hadi leo kipo katika Maktaba ya Uingereza, London.

Kwenye karatasi za mwanzo Beethoven aliandika utani wa kirafiki kwamba hiyo ni sonata ya kichotara, iliyotungiwa chotara Bridgetower, kichaa mkubwa. Leo ungesema huo utani una harufu, na hungekosea. Lakini jina lilikuwa hapo.

Halafu wakakosana. Bridgetower alisimulia akiwa mzee kwamba ugomvi ulikuwa juu ya msichana. Kazi ilipochapishwa mwaka 1805, jina lake halikuwepo. Beethoven alikuwa ameweka jina la Rodolphe Kreutzer, mpiga fidla maarufu Mfaransa. Na hapa ndipo mtu hucheka kwa uchungu: Kreutzer hakuwahi kuipiga mbele ya watu. Aliona haieleweki.

Kwa hivyo aliyeipiga mara ya kwanza, kwa macho, na kuiongezea utamu, akapotea. Aliyeikataa akapata umaarufu wa milele. Mwaka 1889 Mrusi Tolstoy akaandika hadithi inayobeba jina hilo la Kreutzer. Mwaka 1923 Janáček akatunga muziki juu ya hadithi ya Tolstoy, jina lilelile. Jina lilizaa wajukuu. Bridgetower akafariki Peckham, London, mwaka 1860, na jina lake likabaki kwa wachache waliokuwa wakichimba maktaba.

Sasa niambie. Kati ya kupigania rangi ya Beethoven na kumwambia rafiki yako hii stori, ipi inatupa heshima zaidi?

"Mozart mweusi" ni tusi lililovaa suti

Bridgetower hakuwa peke yake. Joseph Bologne, anayejulikana kama Chevalier de Saint-Georges, alizaliwa Guadeloupe mwaka 1745. Mama yake, Nanon, alikuwa mtumwa, baba yake Mfaransa mwenye shamba. Akapelekwa Ufaransa, akawa bingwa wa kupigana kwa upanga, akawa bingwa wa fidla, akaongoza okestra zilizokuwa bora Paris. Simfoni sita za Haydn zinazoitwa za Paris ziliagizwa na okestra aliyokuwa akiiongoza, na yeye ndiye alisimamia zikipigwa mara ya kwanza.

Mwaka 1776 jina lake likapendekezwa kusimamia nyumba ya opera ya Paris. Baadhi ya waimbaji wa kike wakaandikia malkia barua kwamba hawawezi kupokea amri kutoka kwa chotara. Kazi ikamponyoka.

Leo ukimtafuta, utaambiwa huyo ni "Mozart mweusi". Hebu piga hesabu na mimi. Saint-Georges alizaliwa 1745. Mozart alizaliwa 1756. Mkubwa ni nani hapo? Mtu amekutangulia miaka 11, halafu eti yeye ndiye nakala yako. Hilo jina watu hulitumia kama sifa, lakini linasema kitu kimoja tu: hatuwezi kukuona mpaka tukupime kwa Mzungu. Ndiyo tabia ileile ya kusema Beethoven lazima awe mweusi ndio watu weusi wahesabike. Tunaomba heshima kwa jina la mtu mwingine.

Na siyo rangi peke yake

Msidhani hii ni stori ya ngozi tu. Fanny Mendelssohn alizaliwa Ujerumani mwaka 1805, dada mkubwa wa Felix Mendelssohn. Walifundishwa muziki pamoja. Mwaka 1820, msichana akiwa na miaka 14, baba yao alimwandikia kwamba kwa Felix muziki huenda ukawa kazi, lakini kwake yeye utabaki pambo tu. Fanny alitunga kazi zaidi ya 400. Kadhaa kati ya nyimbo zake zilichapishwa ndani ya vitabu vya Felix, kwa jina la Felix.

Mwaka 1842 Felix alialikwa kwa Malkia Victoria. Malkia akachagua kuimba wimbo anaoupenda kutoka kwa kitabu chake. Felix akabaki na aibu, ikabidi aseme ukweli kwamba huo aliutunga dada yangu. Yaani shabiki mkubwa wa Felix alikuwa shabiki wa Fanny bila kujua.

Kuna sonata yake ya Pasaka ya mwaka 1828 ambayo karatasi zake zilikuwa na herufi F kisha Mendelssohn. Watu wakaona F, wakasema Felix. Mwaka 2010 mtafiti alithibitisha ni mwandiko wa Fanny, na tarehe 8 Machi 2017 ikapigwa London kwa jina lake. Miaka karibu 190 ya kusubiri kwa sababu ya herufi moja. Kumbuka hiyo siku utakapohifadhi faili yako kwa jina la "biti mpya ya mwisho kabisa 2" bila jina lako popote.

Tajiri na kazi ya kununua

Swali lingine mnalopenda: Salieri alimuua Mozart? Hakumuua. Hiyo ni kazi ya tamthilia na filamu. Salieri alimfundisha hata mtoto wa Mozart muziki baadaye, na sidhani mjane angempelekea muuaji mwanawe.

Lakini kuna kitu cha ukweli kilichotokea kwa Mozart mwaka 1791 ambacho kinanishangaza zaidi ya sumu. Tajiri mmoja, Franz von Walsegg, alifiwa na mke kijana. Akatuma mtu kwa siri amwagizie Mozart misa ya wafu, bila kutaja ni nani anayeagiza. Mpango wake ulikuwa aitoe kama ameitunga yeye. Mozart akafa Desemba mwaka huohuo kabla hajamaliza, mwanafunzi wake Süssmayr akaikamilisha, na mjane akahitaji hela, kwa hivyo kazi ikatolewa. Walsegg akainakili kwa mkono wake na Desemba 1793 akaiongoza mwenyewe kama yake.

Mwenye pesa ananunua kazi, mwenye kipaji ananyamaza. Wale wa studio mnaelewa nazungumzia nini. Tofauti ni kwamba Mozart alikuwa na mjane mwenye akili ya biashara na jina ambalo halingefichika. Wengi wetu hatuna hata kimoja.

Gini 15

Nirudi kwa Coleridge-Taylor, yule aliyejiona kwenye picha ya Beethoven. Alizaliwa London mwaka 1875, baba yake daktari kutoka Sierra Leone. Mwaka 1898, akiwa kijana wa miaka 23, alitoa kazi ya kwaya na okestra kuhusu harusi ya Hiawatha. Ikashika kila mahali. Kila mji wenye kwaya Uingereza ulitaka kuiimba. Mwaka 1904 alienda Marekani na akapokelewa na Rais Theodore Roosevelt pale Ikulu.

Haki za hiyo kazi alikuwa ameziuza zote kwa mchapishaji kwa gini 15, yaani pauni 15 na shilingi 15. Malipo ya mara moja, basi. Nakala ziliuzwa mamia ya maelfu, na yeye hakula tena. Akaendelea kufundisha, kuongoza kwaya, kukimbia huku na kule kutafuta riziki, na mwaka 1912 nimonia ikamchukua akiwa na miaka 37. Baada ya kifo chake kazi hiyo ilijaza ukumbi wa Royal Albert Hall karibu kila mwaka kuanzia 1924 hadi 1939, watu wakiwa wamevalia mavazi maalum. Masaibu yake yalitajwa sana wakati watunzi wa Uingereza walipoungana, na mwaka 1914 wakaanzisha chama cha kuwakusanyia malipo kila kazi yao inapopigwa hadharani.

Hiyo ndiyo sababu nasema swali la rangi ya Beethoven ni dogo. Hapa kuna mtunzi mweusi mwenye kazi iliyopendwa na nchi nzima, na stori yake ni ya mkataba mbaya. Kwa nini hatuitumi kwa grupu?

Najua mtakachosema

Wa kwanza atasema: Beethoven ndiye aliyeitunga, ana haki ya kuipa jina la anayemtaka. Kweli. Bridgetower hakuwa mtunzi mwenza, na simpi zaidi ya alichofanya. Ninachosema ni kwamba historia ilipokea ile karatasi ya juu kama ukweli wote, na ikachukua karne nzima na zaidi watu wa kawaida kuanza kuuliza nani alikuwa amesimama na fidla asubuhi ile.

Wa pili atasema: hizi ni maneno za Wazungu, zinatuhusu nini Nairobi? Ndugu yangu, nenda tamasha la muziki la shule uone kwaya zetu zinavyoimba vipande vya Ulaya bila kukosea silabi. Nenda Korogocho uwasikie vijana wa Ghetto Classics wakipiga fidla na tarumbeta. Huu muziki uko hapa tayari. Swali ni kama tutaupokea pamoja na majina yake yote, ama tutapokea yale tu yaliyobaki kwenye karatasi ya juu.

Na tusijifanye watakatifu. Wimbo wa Malaika, ambao kila mtu hapa anaujua, hadi leo watu wanabishana ni wa nani. Wengi husema Fadhili William, Mkenya aliyeurekodi na kuutangaza. Adam Salim, Mtanzania, alidai aliutunga yeye miaka ya 1940. Wimbo umezunguka dunia, na sisi wenyewe nyumbani hatuwezi kukubaliana juu ya mtunzi. Hakuna Mzungu wa kulaumu hapo.

Kwa hivyo fanya hivi

Jamaa mmoja ninayemjua, mtaa wa Eastlands, alitengeneza biti mwaka juzi. Ngoma ikatoka, ikachezwa kwa matatu hadi ukachoka nayo. Jina lake halikuwa popote. Alipouliza, akaambiwa si ulilipwa elfu mbili? Alikuwa hajaandika chochote, hajahifadhi hata ujumbe wa siku ile. Elfu mbili ni gini 15 za siku hizi.

Kwa sheria ya Kenya, hakimiliki ya kazi ya muziki hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Hiyo ni mali inayoweza kulisha watoto wako. Kwa hivyo kabla ngoma haijatoka, andikeni nani alifanya nini na kila mtu anachukua asilimia ngapi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp ambao nyote mmejibu "sawa". Weka jina lako kamili kwenye faili. Sajili kazi yako na KECOBO. Ukiombwa kuuza kila kitu kwa malipo ya mara moja, omba siku mbili za kufikiria na umwonyeshe mtu anayejua kusoma mikataba. Na ukiwa wewe ndiye msanii mwenye jina, taja prodyuza wako, taja aliyekuandikia mistari, taja dada aliyeimba kiitikio. Mkikosana kesho juu ya msichana, acha jina lake pale pale.

Na ile picha ya Beethoven ikirudi kwa grupu, msitukanane. Wekeni Sonata namba 9 ya fidla na piano, mwisikilize ile piano ikipanda, halafu mwandike tu: George Bridgetower, Vienna, 24 Mei 1803. Atakayeuliza huyo ni nani, mwambieni.